Kisumu chakula kipo, mbona sahani hazilingani?

Ukifika soko la Kibuye Jumapili asubuhi, ni vigumu kuamini kwamba katika jiji hili kuna mtoto aliyelala baada ya kunywa chai ya rangi tupu. Viazi vimeshuka kutoka Molo, ndizi kutoka Kisii, vitunguu vimevuka mpaka kutoka Tanzania, mahindi yametoka Kitale na mengine yamepitia Busia kutoka Uganda. Mchele wa Ahero umejaa kwenye magunia yaliyoachwa wazi, na omena, yaani dagaa wa ziwani, imetandazwa hadi njiani. Kutoka hapo mpaka Manyatta unatembea kwa miguu, na Obunga na Nyalenda haziko mbali. Humo mitaani ndimo utakapokuta nyumba ambazo mlo wa maana ni mmoja tu kwa siku, nao ni wa jioni: ugali mwingi, mboga kidogo, leo kama jana.

Kwa muda mrefu tumeambiwa kwamba dawa ya hali hii ni wakulima kuzalisha zaidi. Jibu hilo lina ukweli wake mashambani, lakini mjini linapotosha. Mkazi wa Nyalenda halali njaa kwa sababu Trans Nzoia imekosa mahindi. Analala njaa kwa sababu kati ya gunia la Kibuye na sufuria yake pana vizuizi vingi, na kila kizuizi anakilipia. Miaka michache iliyopita watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliichunguza Kisumu pamoja na Kitwe ya Zambia na Epworth ya Zimbabwe wakiwa na hoja hiyo hiyo: kwamba umaskini wa chakula katika miji ya ukubwa huu unatokana pia na jinsi mji wenyewe unavyoendeshwa, yaani maji yake, taa zake, masoko yake, barabara zake. Nakubaliana nao kabisa, na katika makala haya nataka kuonyesha kwa nini.

Si jangwa

Katika miaka ya 1990, Waingereza walianza kuzungumzia majangwa ya chakula. Walimaanisha mitaa ya watu wa kipato cha chini ambayo maduka makubwa yameihama, kiasi kwamba mtu asiye na gari anapata chipsi na soda mlangoni, lakini kabichi na matunda yako mbali naye. Dhana hiyo ikaenda Marekani, na siku hizi inabandikwa miji yetu pia. Kwetu haikai. Nyalenda haikosi wauzaji. Kila baada ya nyumba chache pana meza ya nyanya, sukuma wiki na vitunguu, na saa mbili usiku bado unapata mboga iliyokatwa tayari. Umbali si tatizo letu kubwa.

Kwa hiyo sioni sababu ya kushangilia kila supamaketi inayofunguliwa mjini kana kwamba imekuja kumaliza njaa. Nakumatt, iliyoanza kama duka la magodoro Nakuru, ilikuwa na matawi Kisumu, na kuanzia 2017 ikaporomoka. Tuskys, nayo mzaliwa wa Nakuru, ikafuata miaka michache baadaye. Rafu zilipobaki tupu, watu wa Manyatta hawakukosa mboga, maana mboga yao haikuwahi kutoka kwenye rafu hizo.

Inatoka kwa mama mboga. Yeye huamka kabla ya jogoo, huenda soko la Kibuye au la Jubilee malori yanaposhusha mizigo, hununua kreti ya nyanya au gunia la sukuma, hukodi tuktuk au mkokoteni, na kufikia saa moja asubuhi meza yake imeshapangwa. Kuanzia hapo anafanya kazi ambayo hakuna supamaketi inayoiweza. Anaigawa kreti katika mafungu ya shilingi kumi na ishirini. Anamkatia mboga mteja anayetoka kazini amechoka. Anawakopesha wanaomlipa mwisho wa wiki, tena bila fomu wala riba, kwa kuwa anawajua watoto wao kwa majina. Mfumo wa chakula wa maskini wa mji huu umesimama juu ya mabega ya huyu mama, na mabega yenyewe hayana kinga.

Tazama hasara anazobeba. Hana mahali pa baridi pa kuhifadhi, kwa hiyo nyanya zisizonunuliwa Jumanne zinakuwa za kusagika Alhamisi. Mvua ikinyesha anafunga. Asipokuwa na taa ya barabarani anafunga mapema, wakati ambapo wateja wake ndio kwanza wanashuka kwenye matatu. Akikimbizwa na askari wa kaunti anapoteza meza, mzigo, na faida ya wiki nzima. Hasara zote hizi haziishii mfukoni mwake; zinaingia katika bei ya fungu la nyanya. Kwa hiyo mtu anapouliza kwa nini mboga ni ghali mtaa wa mabanda, sehemu ya jibu iko kwenye nguzo ya taa isiyowaka.

Shilingi ishirini haina nguvu ya shilingi elfu

Wenye kipato cha kila siku hununua kwa kipimo cha kila siku. Mafuta ya kupikia ya kupima, sukari ya kupima, majani ya chai ya kufungwa kwenye kikaratasi, mahindi kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia. Uchumi huu wa kadogo umewasaidia watu wengi kula, na sipendi ukidharauliwa. Lakini una gharama iliyojificha. Chukua mfano: lita ya mafuta iwe shilingi 300. Mafuta ya shilingi 20 yanapaswa kuwa karibu mililita 67. Muuzaji naye ana chombo cha kununua, kodi ya kibanda na mafuta yanayobaki kwenye kipimo, kwa hiyo anakupimia 55. Umenunua lita yako kwa zaidi ya shilingi 360. Mwenye mshahara aliyebeba mtungi wa lita tano kutoka dukani amelipa kidogo kuliko wewe kwa kila kijiko. Maskini ndiye anayelipa bei ya juu zaidi kwa chakula kile kile, na hakuna mahali bei hiyo imeandikwa.

Kisha kuna moto. Washauri wa lishe hutuambia tule maharagwe, na ni ushauri mzuri: yana protini, yana madini ya chuma, na kwa kilo ni nafuu kuliko nyama. Ila maharagwe makavu yanataka saa mbili na zaidi jikoni. Ukiwa unanunua makaa kwa kopo, hayo maharagwe ya bei nafuu yanaweza kuwa mlo ghali kuliko chapati mbili na chai. Maji nayo ni hivyo hivyo: kama unayanunua kwa mtungi wa lita ishirini, unafikiri mara mbili kabla ya kuosha mboga mara tatu. Mara nyingi nimesikia watu wa mitaa ya mabanda wakilaumiwa kwamba hawajui kula vizuri, kwamba wamependa mandazi na chipsi. Lawama hizo si za haki. Mwanamke anayerudi saa moja jioni na shilingi 150 anapiga hesabu ya chakula, makaa, maji na muda kwa pamoja, tena haraka kuliko mhasibu yeyote, na mara nyingi hesabu inamwambia anunue kilichokwisha kupikwa. Anayetaka ale maharagwe amwekee pale mtaani mtu anayeyachemsha kwa wingi na kuyauza kwa kikombe. Wapo wanaofanya hivyo tayari, kwa jiko moja kubwa linalopikia nyumba nyingi, na wangestahili msaada kabla ya mabango ya lishe.

Unga wa ugali unaonyesha jinsi sera nzuri inavyoweza kumpita mtu aliyekusudiwa. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa viwandani uongezwe virutubisho, yakiwemo madini ya chuma, zinki na vitamini A. Ni hatua kubwa. Lakini anayenunua mahindi kwa gorogoro na kuyapeleka kwenye mashine ya kusaga ya mtaani hapati nyongeza hiyo, naye mara nyingi ndiye mwenye upungufu wa damu. Ruzuku zilifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2017 serikali ilishusha bei ya paketi ya kilo mbili hadi shilingi 90, na Julai 2022 hadi shilingi 100. Nafuu ilikaa kwenye paketi, na paketi zikawa adimu; mnunuzi wa gorogoro alibaki na bei ya soko. Nchini Tanzania kuna mitambo midogo inayofungwa kwenye vinu vya kijijini na kuchanganya virutubisho wakati wa kusaga. Sioni kwa nini mashine za Nyalenda na Obunga zisipate kitu kama hicho.

Usalama wa mahindi unafuata mkondo huo. Mwaka 2004 sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na Machi 2021 hofu ya sumu hiyo ilifanya mahindi ya Uganda na Tanzania yazuiwe mpakani kwa siku chache kabla ya kuruhusiwa tena kwa masharti. Kiwanda kina maabara ya kupima. Gorogoro lina jicho na pua ya mnunuzi tu, na sumukuvu huwezi kuitambua kwa kuonja.

Ziwa liko mlangoni, samaki anapanda ndege

Hakuna mahali ukosefu wa haki unaonekana wazi kama kwenye samaki. Mbuta, yaani sangara, aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, akazaana, na kufikia miaka ya 1980 na 1990 viwanda vilikuwa vinamkata minofu na kuipeleka Ulaya. Kinachobaki baada ya minofu kuondolewa ni kichwa, uti wa mgongo, mkia, na vinyama vilivyong'ang'ania mifupa. Hicho ndicho Kisumu inakiita mgongo wazi.

Nenda Obunga uone. Wanawake hupokea mabaki hayo kutoka viwandani, wanayakata, wanayaosha, wanayaanika juani juu ya vichanja, kisha wanayakaanga kwenye makarai makubwa yenye mafuta meusi. Moshi unachoma macho mpaka anayekaanga anafanya kazi akiwa ameugeuza uso pembeni. Mkono wake unajua wakati wa kugeuza bila yeye kutazama. Mteja anachagua: mwenye pesa kidogo zaidi anataka kichwa, kwa kuwa kina nyama ya mashavu na mchuzi wake ni mzito. Sisemi mgongo wazi ni chakula kibaya. Una ladha, una protini, na ukichemshwa vizuri unatoa supu ya maana. Umelisha vizazi viwili vya watu. Ninachosema ni kwamba mafuta yanayorudiwa mara nyingi si salama, moshi ule unaua mapafu ya wanaokaanga, na mji ulio kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika umewaachia watu wake mifupa. Wanawake wale wangepata majiko yenye bomba la moshi, meza za kuoshea na maji safi, chakula chenyewe kingebadilika ndani ya mwezi mmoja.

Ngege wa ziwani, yaani sato, amekuwa ghali, na pengo lake limejazwa na samaki wa kufugwa kwenye vizimba pamoja na wale waliogandishwa kutoka China. Inayobaki kwa wengi ni omena. Huyu dagaa analiwa mzima, mifupa na kichwa, kwa hiyo ana kalsiamu ambayo mnofu wa mbuta hauna, na unaweza kumnunua kwa kibakuli. Ila uvuvi wake hufungwa Aprili hadi Julai ili apate kuzaana, na bei inapanda. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya omena inakwenda kwenye viwanda vya chakula cha mifugo. Kuku wa mtu mwenye pesa anashindana na mtoto wa Manyatta kwa kibakuli kimoja, na kuku ana mtaji. Ningependa kuona omena bora ikikaushwa kwenye vichanja, si chini mchangani, ili ipate bei ya chakula cha binadamu na isiishie kwenye mashine ya chakula cha kuku kwa sababu ina mchanga.

Na kuna jaboya. Kwenye baadhi ya fuo, mwanamke anayetaka kuuziwa samaki mashua ikifika hulazimika kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mvuvi. Bila huo, anarudi na beseni tupu. Watu wanaozungumzia minyororo ya thamani, yaani safari ya bidhaa kutoka kwa mzalishaji hadi kwa mlaji, mara nyingi wanaipita habari hii kimya kimya, lakini bei ya omena sokoni imebeba na hili pia. Mwaka 2011 wanawake wa ufuo wa Nduru waliamua kumiliki mashua zao wenyewe, waajiri wavuvi, samaki wawe wao. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 yaliwafurusha makwao. Wazo lao bado ndilo sahihi kuliko yote niliyoyasikia kuhusu jambo hili.

Kila jamii na sufuria yake

Kisumu si mji wa watu wa aina moja. Reli ilipofika mwishoni mwa 1901, wakati huo pakiitwa Port Florence, ilikuja na Wahindi, Wanubi na Waswahili, wakakutana na Wajaluo wenye ziwa, kisha Waluhya na Wakisii wakashuka kutoka vilimani. Leo Waislamu wa mtaa wa Kaloleni wanataka nyama ya halali, familia nyingi za Kigujarati hazili nyama kabisa, na mama wa Kijaluo anataka mboga ya dek iliyolazwa na maziwa. Chakula cha haki ni pamoja na kuweza kula unachokitambua kuwa ni chakula chako.

Kwa upande wa mboga tuna bahati. Ile osuga ya Wajaluo ndiyo rinagu ya Wakisii, ndiyo managu ya sokoni; dek ndiyo chinsaga, ndiyo saga. Kuna apoth, yaani mrenda, kuna mitoo, kuna kunde. Zamani zilionekana mboga za wasio na uwezo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno hapa karibu kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ametumia maisha yake kuonyesha kwamba majani haya yana chuma, protini na vitamini nyingi kuliko kabichi, na kwamba mengi hukua haraka na kuvumilia ukame. Kazi hiyo ilizaa matunda. Mboga za kienyeji zikaingia hotelini na kwenye supamaketi.

Lakini zilipopata heshima zikapata na bei. Fungu la osuga leo mara nyingi ni ghali kuliko la sukuma wiki, tena linapungua likiiva, na kupunguza uchungu wake kunataka moto wa muda mrefu. Ndiyo maana sukuma bado inatawala. Ekari chache za mboga za kienyeji kandokando ya jiji zingesaidia, ila mashamba ya mjini yana hatari yake. Kando ya mto Auji watu wanalima mboga nzuri sana kwa maji yanayobeba uchafu wa mitaa. Kuwafukuza si suluhisho, wanalisha watu. Kinachohitajika ni mto usafishwe, na wao wapewe maji mengine ya kumwagilia wakati huo.

Nani mwenye jukumu?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezikabidhi kaunti kilimo, masoko, leseni za biashara, afya na usimamizi wa wanaouzia umma chakula. Kwa maneno mengine, karibu kila kizuizi nilichokitaja kiko mikononi mwa kaunti. Shida ni kwamba kimegawanywa. Idara ya kilimo inahesabu magunia. Idara ya afya inakagua vyoo vya hoteli. Idara ya biashara inatazama ushuru. Wa mipango ya mji wanataka njia safi. Hakuna hata mmoja anayeulizwa kilichofika kwenye sahani ya Obunga usiku.

Matokeo yake ni kwamba idara moja inabomoa kilichojengwa na nyingine. Bandari ilipokuwa ikifufuliwa, vibanda vya samaki vya Lwang'ni viliondolewa. Kabla ya Africities, mkutano wa miji ya Afrika wa Mei 2022, katikati ya jiji palikuwa pamepangwa upya. Barabara na bustani zilizofuata ni nzuri, na mimi nazipenda. Lakini mchuuzi anapohamishwa kwenda mahali ambapo wateja hawapiti, mji haukupoteza uchafu tu. Umepoteza chakula cha bei ya chini kwa wapita njia wa asubuhi na jioni. Hesabu hiyo huwa haifanywi.

Wakati wa kuifanya upo, na si wa siri. Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti hufika kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na umma lazima usikilizwe kabla ya kupitishwa. Baadaye hufuata sheria ya fedha ya kaunti, ambayo ndani yake imeandikwa ada ambayo mama mboga atalipa kila siku. Kwenye vikao hivyo wanaojitokeza kwa wingi ni wenye maduka na wakandarasi. Maswali ya mama mboga ni mafupi: ada hii inarudi sokoni kama nini, choo au taa? Ghala baridi la Kibuye limewekewa shilingi ngapi? Ni eneo gani mtaani ninaloruhusiwa kuuzia bila kukimbizwa, na limeandikwa wapi? Vikao vikipangwa saa nne asubuhi, yeye yuko mezani kwake akiuza. Vipelekwe Manyatta saa nane mchana, soko linapopoa.